Ubeti wa Babu Asiye na Kichwa

Jesca alikuwa akimenya vitunguu vya msiba huku akitafuta kina cha "panya". "Kusanya" alikwisha kulitumia.

"Usimwonee haya," Filomena alimwambia. "Amekuja mwenyewe."

Babu wa baba yake Filomena alikuwa ameketi uani, hapo Mbagala, kwenye kiti cha plastiki, tangu jana baada ya misa ya kumwombea. Hakuwa na kichwa. Wajerumani walimnyonga kule Ungoni wakati wa Vita vya Majimaji, wakakikata kichwa, wakakipeleka kwao kukipima. Mwili waliutupa shimoni pamoja na wengine, na ndugu walikatazwa kulia. Filomena hakumuuliza ni nani. Katika ukoo wao ni mmoja tu aliyezikwa hivyo, na baba yake Filomena alikufa akimwomba amtafutie mzee huyo usingizi.

Babu alikuwa amenyoosha kidole kuelekea nyumba ya pili, kwa Jesca, ambaye ni Mhehe. Wangoni na Wahehe ni watani, na mtani ndiye anayemcheka marehemu mpaka wafiwa wacheke, ndipo marehemu alale. Matanga bila mtani ni kikao tu.

Albano, kaka yake Filomena, hakupendezwa. "Mtu kanyongwa, nyie mnamtungia vichekesho? Hamna hata haya?"

"Kaa chini, mla panya," Jesca alisema.

"Mla mbwa mkubwa we," Albano alijibu, maana ndiyo desturi, akakaa.

Jesca alimwamkia babu shikamoo, akasimama mbele yake, kisu bado mkononi, akaimba:

*Mngoni mpenda panya, kaja kwetu toka jana,*
*Minofu tunakusanya, meno ya kulia hana,*
*Mzungu kamdanganya: "Nakiazima mchana"...*

Watu waliangua kicheko. Albano alicheka kuliko wote, kisha akaziba mdomo, macho yamemtoka, kama mtu aliyegundua kwamba anatafuna kitu asichokijua. Mabega ya babu yalitikisika. Sauti haikutoka; ilikuwa ng'ambo.

Ulibaki mstari wa nne. Katika huo ndipo mtani humsuta marehemu kwa sura yake: pua, masikio, jino lililochomoza.

"Alikuwa na pua gani?" Jesca aliuliza.

Filomena hakujua. Albano alisema hata baba yao hakujua.

"Masikio je?"

Filomena alijishika ya kwake.

"Basi mie nimcheke nini?"

Alijaribu kuazima pua ya Albano, ambayo ni pana. Babu alipunga mkono kukataa. Haikuwa hiyo.

Kicheko kilikuwa kimefika mbali. Geti lilifunguliwa wakaingia wengine wa shimo lile, nao hivyo hivyo, shingo zimeishia kwenye mabega. Walivua makubadhi, wakaketi mikekani kwa utaratibu, kila mmoja akisubiri ubeti wake. Waliokosa nafasi walisimama nje, wakauzunguka ukuta mpaka dukani kwa Mwanaasha, naye akawasogezea mabenchi. Filomena aliongeza mchele.

Jesca aliwapitia mmoja mmoja. Mistari mitatu ilipatikana, kwa kuwa panya, Mzungu na kamba ya kunyongea vilikuwa vya wote. Wa nne haukupatikana kwa yeyote. Kila alipouliza sura, wafiwa waliinama, na hakuna aliyelala.

Jua lilipopungua alikitumbukiza kisu kwenye beseni. Nusu ya vitunguu ilikuwa haijamenywa.

"Wazee wangu, tutaendelea kesho," alisema. "Mmenielewa?"

Waliinua mikono, kwa kuwa hawakuwa na cha kutikisa.