Sahihi ya Upanga

Kijiti cha mwanzi kilipochomoka, mpini wa upanga uliteleza, na chuma kilichokuwa kimejificha ndani yake kikatoka, cheusi kwa kutu. Khulood alikiinamia na lenzi yake. Mimi nilimtazama yeye. Hata kuinama aliinama vizuri.

"Enhe? Lipo jina?" Bibi Mastura aliuliza kutoka kochini.

"Ipo, Bibi. Jina ipo."

Jina ipo! Ningesema hivyo mimi, ningesutwa mpaka magharibi. Lakini kwa Khulood, binti wa ami yangu, aliyelelewa kwa Kiarabu na kusomea Ujapani, Bibi alicheka kama aliyelishwa haluwa. Tangu arudi Maskati, kikombe cha kwanza cha kahawa kilikuwa chake, na bega la Bibi kuegemea likawa lake. Mimi mwenye stashahada ya tafsiri, niliyemsomea Bibi kila jioni, nilibaki wa kutafuta miwani.

Upanga aliuleta babu Amur kutoka Kobe, Ujapani, zama za kazi ya meli. Bi Nasriya, mke mwenza wa Bibi, alipewa bangili za dhahabu. Bibi alipewa upanga, na maneno: "Huu una sahihi ya fundi mkubwa. Dhahabu ya Nasriya haiufikii." Kwa maneno hayo Bibi aliuvumilia ukewenza maisha yake yote. Sasa mume na mke mwenza wote wamekufa, naye alitaka kuhakikisha.

Khulood akanivuta dirishani.

"Upanga mzee kweli," alininong'oneza. "Lakini jina si ya fundi. Kutu iko kila mahali, ndani ya herufi hakuna. Mtu alichonga baadaye, apate kuuza. Mwambie wewe. Kiswahili yangu itamuumiza."

Kumbe ulimi wangu una kazi! Nilikwisha kuipanga sentensi: Bibi, Khulood anasema ulidanganywa. Bibi angelirudia bega langu kabla ya adhuhuri.

"Mnanong'ona nini nyie? Mie nna masikio!" Bibi alikuwa akijisugua kifundo cha mkono, pale ambapo bangili haikuwahi kukaa. "Hiyo sahihi, sahihi?"

Niliyapima yale maneno mawili, mapacha wasiojuana.

"Sahihi, Bibi," nikasema. "Ni sahihi."

Na sahihi ilikuwa. Mtu aliitia kwa mkono wake, awe nani awaye.

Bibi akapiga kigelegele kilichomkatisha pumzi. "Nasriya, umesikia huko uliko?" Kisha akaunyanyua upanga kwa mikono miwili, akapita mbele yangu, akampa Khulood. "Chukua, mwanangu. Wewe ndiwe uliyeisoma."

Khulood alinigeukia, mdomo wazi. Nikamkazia macho: pokea.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Upanga uko ukutani kwa Khulood, mtaa wa Khuwair, na Kiswahili chake kimenyooka siku hizi. Wageni wakiuliza kama jina lile ni la kweli, yeye huwaelekeza kwangu.

"Muulizeni dada. Yeye ndiye aliyelithibitisha."

Mimi huomba kahawa nyingine.