Kitunguu cha Mlangoni

Fundi alikuwa na cherehani mbili, mume mmoja, na jiko lililofunikwa vitambaa tangu shule za mtaani zilipobadilisha sare. Apike saa ngapi? Duka la chipsi lilikuwa chini ya ghorofa yao. Ngazi kumi na nane tu, na kuku ameshaiva.

Kisha mama mkwe akapiga simu: anakuja kukaa wiki nzima. Mumewe hakuchoka kumsifu mama huyo, muuguzi mstaafu. "Mama alikuwa na zamu, lakini chakula cha kununua? Thubutu! Nikitoka shule, harufu ya kitunguu inanipokea mlangoni." Sasa mama huyo akimkuta mkwe hajui hata kuwasha jiko, habari zitafika kwa mashangazi wote.

Basi Fundi akajiongeza. Kila jioni alishuka na kikapu, akapanda na kuku na chipsi chini ya vitambaa. Akavimwaga sufuriani, akachafua mwiko wa watu bure, akakaanga kitunguu kimoja mpaka nyumba nzima ikanukia. Mama mkwe alikula akashukuru. Mume, aliyekula kuku huyo huyo mwezi mzima, alisema, "Huyu sasa ndiye kuku!"

Siku za mwizi ni arobaini. Za Fundi zilikuwa nne. Siku ya nne vitunguu vilikwisha. Alikuwa bado anapekua kabati, boksi la chipsi liko wazi mezani, mama mkwe akaingia jikoni.

Fundi alitamani ardhi ipasuke. "Mama, nisamehe. Kazi zimenizidi, na mimi..."

Mama mkwe alitazama boksi. Akafungua mkoba wake, akatoa kitunguu.

"Niliona vimekwisha tangu asubuhi," alisema. "Kikate vipande vikubwa, mwanangu. Vidogo huungua kabla mtoto hajafika mlangoni."

Fundi akachukua kisu, kisha akamgeukia. "Mama! Hata wewe?"

"Zamu ikiisha saa kumi, na yeye anarudi saa kumi na nusu, ningepika nini? Mkaanga samaki alikuwa pale pale getini pa hospitali."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi hakuwa amecheka hivyo tangu sare zianze.

Kitunguu kilikuwa tayari kinanukia kikaangoni ufunguo ulipolia mlangoni. Mume akasimama kizingitini, akafumba macho.

"Mke wangu," alisema, "leo umepatia. Hicho ndicho chakula cha mama."

Fundi akalisukuma boksi chini ya sare, na mama mkwe akapakua.