Kamba ya Mlango wa Jiko

Mama mdogo Nyanjige alikuwa na macho mekundu, na huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hasubiri kushtakiwa kwa uchawi. Watu humtazama tu wakanyamaza. Ujinga huo umeua wanawake wengi, nami nausema waziwazi kwa kuwa sina tena cha kuogopa.

Wekundu ule ulitokana na jiko. Yeye na mimi tulioka mikate katika kantini ya kiwanda cha pamba, Maswa, kwenye jiko la kuni la chuma, zito kama ng'ombe aliyelala. Enzi za chama cha ushirika, mlango ukivuja moshi, stoo walitoa gasketi mpya ya kuuziba siku hiyohiyo. Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaleta malori yao, chama kikayumba, stoo ikabaki na popo, nasi tukaambiwa kantini ni yenu, jitegemeeni. Tukajitegemea kwa moshi. Gasketi ilikuwa imegeuka unga, na kila kuni zilipowaka moshi ulipenya pembeni mwa mlango ukaingia machoni mwa mama mdogo, maana ndiye aliyeinama kutazama mikate. Mimi nilikuwa mezani nikikanda.

Masika yale mtoto wa jirani yetu Kristofa akafa kwa homa. Baada ya mazishi, mke wa Kristofa akaacha kuitikia salamu za mama mdogo. Ukisema "Mwangaluka" na mtu akageukia ukuta, ujue umeshahukumiwa. Ndipo Mayige, mwana wa pekee wa mama mdogo, fundi pale kiwandani, aliposema, "Mayu, mama yangu, haya macho yatakuua. Nitalitengeneza hilo jiko."

Akaenda Mwanza, ambako soko huria lilikuwa limejaza maduka, akarudi na kamba nyeupe ya asbesto, nene kama kidole gumba. Aliacha jiko lipoe, akaikwangua gasketi ya zamani kwa bisibisi, akausugua mfereji wa mlango kwa brashi ya waya. Akapaka gundi ya kuhimili moto, akailaza kamba bila kuivuta, ncha zikakutana chini. Kisha akabana kipande cha karatasi mlangoni, akakivuta. Hakikutoka. Akajaribu kuzunguka mlango wote, akacheka peke yake.

Moshi ukapanda bombani kama inavyotakiwa. Kabla pamba haijavunwa, macho ya mama mdogo yalikuwa meupe. Alijitazama kwenye kioo changu hadi nikamtania, "Mama mdogo, unatafuta mchumba?"

"Natafuta majirani," akasema. "Sasa watanisalimu."

Wakaja kweli. Asubuhi moja Kristofa aliingia kantini na wanaume wa mtaa, watu waliokuwa wakila mikate yetu.

"Mayu," alisema kwa heshima, "tangu tukujue macho yako yalikuwa mekundu. Nani ameyaosha?"

Maskini mama mdogo, alilifurahia swali. Akafungua mlango wa jiko akawaonyesha. "Mwanangu amefunga hii kamba. Tangu aifunge, hakitoki kitu."

Nilipoona nyuso zao nilielewa kosa lake. Kwa watu wale, kamba iliyofichwa mlangoni ni dawa. Hufungwa ili kilichomo kisitoke, na yeye alikuwa ameyasema hayo kwa kinywa chake.

"Tuichome," alisema Kristofa. "Dawa ikiungua, nguvu yake imekwisha, nasi tutakusamehe."

"Ichomeni," akajibu mama mdogo. "Ni kamba tu."

Kristofa akaing'oa kwa ncha ya panga, akaitupa kwenye makaa. Tukasubiri. Gundi ilitoa moshi kidogo, kuni zikateketea kando yake, na kamba ikabaki palepale, nyeupe kuliko mwanzo.

Nikakimbia kumwita Mayige. Akaja na grisi mikononi, akasema ukweli mtupu. "Hiyo haiungui. Ni jiwe. Linachimbwa, likasokotwa kuwa kamba."

Kristofa akamuuliza taratibu, "Mayige, nani anaweza kusokota jiwe?"

Hata Mayige hakujua linasokotwaje. Alijua kulifunga tu.

Waliondoka bila ugomvi, na hilo ndilo lililonitisha. Tukamsihi mama mdogo aende Kiloleli kwa ndugu zetu. Akakataa. "Nikikimbia, nimekiri," alisema. Jumapili iliyofuata Mayige na mimi tulikwenda kanisani, yeye akabaki na mikate. Tulimkuta mbele ya jiko, amekatwa kwa panga, mlango uko wazi na mikate imeungua. Polisi waliuliza mtaa mzima, na mtaa mzima haukuona. Kristofa alikuja msibani akabeba jeneza, nami nikamwangalia kwa woga na kwa hasira.

Mayige haulizi ni nani. Anachojiuliza ni kwa nini hakusema uongo siku ile.

"Ningesema dawa ni yangu," ananiambia, "wangeniua mimi."

Namtengea chakula, nanyamaza, kwa sababu ni kweli.