Kinachokula Stima

Siku Yeslam aliposema friza iuzwe, Ruweida hakubishana naye. Alimaliza kufunga vifuko vya barafu za ukwaju, akavipanga ndani ya friza, akafunika, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Wewe umejuaje kwamba ni friza?"

"Kuna nini chengine humu ndani?" Yeslam akasema. "Taa ni hizi. Pangaboi ni mbili. Televisheni haiwashwi mpaka magharibi. Natia tokeni leo, kesho kutwa mita yalia. Kitu kikubwa ni hilo sanduku lako."

Yeslam alikuwa karani katika kampuni ya malori kule Shimanzi, mtu wa maneno machache, na jambo akishalisema huliona limekwisha. Akavaa kofia, akaaga, akatoka.

Ruweida akabaki akiitazama friza. Ilikuwa yake, aliipata kwa jasho lake. Barafu zake za ukwaju na za maembe zilijulikana mtaa mzima wa Kuze, na kila asubuhi shoga yake Mbodze, mwenye meza ya matunda sokoni Marikiti, alipita kuchukua ndoo ya kwenda kuwauzia wachukuzi. Kuiuza friza kungekuwa kama kukatwa mkono. Lakini asubuhi ile kilichomkaa rohoni si uchungu, ni lile swali lake mwenyewe. Amejuaje? Kwani yeye Ruweida anajua? Maisha yake yote ameishi na stima, awasha, azima, na hata siku moja hajajiuliza inakwenda wapi.

Mita ilikuwa ukutani ndani ya daka, pale watu wanapovua viatu wakiingia. Ilikuwa na kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kinachopepesa. Alikuwa akikiona kila siku bila ya kukitazama. Sasa akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia mbele ya mita.

Kitaa kilikuwa kikienda mbio. Akainuka, akazima pangaboi ya sebuleni, akarudi. Kikapunguza mwendo kidogo. Akachomeka pasi, kikashikwa na wazimu, hata jicho halikuweza kukifuata. Akaichomoa. Akawasha taa ya jikoni, hakuona tofauti yoyote. "Kumbe," akasema peke yake, na akajikuta anatabasamu. Ilikuwa kama kumshika mtu kifundo cha mkono ukahisi mshipa wake unavyopiga.

Mwisho akaizima friza yenyewe. Kitaa kikapungua, naam, lakini hakikusimama. Akazunguka chini na juu akizima taa na pangaboi na kuchomoa kila cha kuchomolewa: friji, televisheni, redio, chaja za simu. Nyumba ikawa kimya mpaka akasikia nyayo za watu wanaopita njiani. Aliporudi kwenye mbuzi yake, kitaa kilikuwa kingali kinapepesa, tena kwa kasi kuliko friza ilivyokuwa ikikikimbiza.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri. Ukuta kwa ukuta na wao alikuwapo Jamaldin, aliyefungua duka la fotokopi mwaka jana. Mashine ile yanguruma kutwa. Ruweida akasimama akizitazama nyaya zilizotambaa ukutani juu ya njia, hii imeingia kule, ile imerudi huku, na kadiri alivyozitazama ndivyo moyo ulivyomwambia ameshampata mwizi wake.

Hata hivyo hakutaka kumtia mtu aibu kwa dhana. Akaenda chini ya ngazi, lilipo boksi la swichi, akazima swichi kubwa ya nyumba nzima. Kisha akatia buibui, akachukua karatasi moja ya kutolea nakala, akaenda dukani.

"Subalkheri, Bwana Jamaldin."

"Subalkheri, Bi Ruweida. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Nitolee nakala moja."

Mashine ikanguruma, taa yake ikapita chini ya kioo, karatasi ikatoka ya moto. Ingekuwa inakula kwake, ingekuwa imekufa. Ruweida akaipokea kwa mikono miwili, akaona haya kama kwamba Jamaldin ameyasikia aliyokuwa akiyawaza, akamuulizia mkewe na watoto mara mbili.

Aliporudi alikuwa na hamu zaidi kuliko alivyotoka. Kama si jirani, basi ni humu humu. Akaiwasha swichi kubwa, akaanza zile ndogo moja moja, akizima na kukimbilia dakani kuangalia. Zote ziliandikwa kwa wino, jikoni, sebule, vyumba, isipokuwa moja ya pembeni kabisa, nene kuliko wenzake, ambayo haikuandikwa kitu. Alipoizima hiyo na kurudi, kitaa kilikuwa kimetulia tuli.

Kutoka kwenye swichi ile waya ulipanda ndani ya bomba jembamba la plastiki, ukafuata ukuta wa ngazi. Ruweida akaufuata, mkono ukiwa juu ya bomba, ghorofa ya kwanza, ghorofa ya pili, mpaka ukamfikisha juu kabisa na kuingia ndani juu ya fremu ya mlango uliofungwa kwa kufuli.

Kilikuwa chumba cha mavyaa wake, Bi Jihan, mamake Yeslam. Tangu afariki, Yeslam alikifunga, ufunguo akautia kwenye kishada chake cha kazini. Hakuna aliyemuuliza. Na kwa kuwa hakiingiliwi, kila mtu alipovihesabu vyumba vya nyumba ile kichwani mwake, hicho alikiruka.

Ruweida akateremka akaiwasha swichi, akapanda tena akatega sikio mlangoni. Mara ya kwanza hakusikia kitu. Kisha ukaja mlio mdogo, kama maji ya wali yanapoanza kuchemka, na ndani yake tone, tone, tone. Hapo akakumbuka. Hita ya maji. Mwaka wake wa mwisho Bi Jihan alisumbuliwa na viungo, maji baridi hayawezi, na Yeslam akamfungia hita kwenye choo chake cha humo ndani.

 Mwaka mzima hita ile imekuwa ikimpashia maji mtu ambaye hayupo.

Akateremka, akaizima ile swichi, akawasha vyengine vyote pamoja na friza, na hakumwambia mtu. Alitaka kuona. Wiki ikapita, mita haikulia. Siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Yeslam akasimama dakani akibonyeza vitufe, akatazama namba, akatazama tena.

"Umeizima friza?"

"Friza yawaka wiki nzima."

"Basi?"

"Njoo nikuonyeshe."

Akamsimamisha mbele ya mita, yeye akaenda chini ya ngazi. "Kitazame hicho kitaa," akamwambia kwa mbali, na akawasha swichi isiyo na jina. Maji ya hita yalikuwa yamepoa kwa siku zote zile, kwa hivyo kitaa kiliruka kama kilichochomwa sindano.

"Ni nini hicho?" Yeslam akauliza, akimfuata chini ya ngazi.

 Ruweida akauweka mkono wake juu ya bomba la waya. Yeslam akalifuata bomba kwa macho, ngazi hata ngazi, na uso wake ukabadilika kabla macho hayajafika juu.

Akaketi kwenye ngazi ya chini. Ruweida akaketi kando yake.

"Aliniambia nimtilie maji moto," Yeslam akasema baadaye. "Ile alfajiri ya mwisho. Nikaiwasha, nikashuka kumletea taulo. Niliporudi naye yuko vile ulivyomkuta. Choo kile sikukiingia tena."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini?"

 Yeslam akainuka, akatoa kishada cha funguo mfukoni, na akapanda. Ruweida akamfuata nyuma, ngazi mbili chini yake, asimsogelee wala asimwache.

Kufuli ilikataa kidogo, ikakubali. Kulikuwa na joto na harufu ya udi wa zamani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Chooni bomba la maji moto halikufungwa sawasawa, lilikuwa likitona, na chini ya tone sakafu ilikuwa imefanya doa la kutu. Yeslam akalifungua, akaacha maji yapite juu ya vidole vyake. Akanawa uso. Akakaa ameinama hivyo, maji yakimchuruzika ndevuni, na Ruweida akaona ni heri aende kufungua madirisha.

Na hapo likatokea ambalo hakulitazamia. Dirisha la upande wa bahari lilipofunguka, upepo uliingia, ukapita chumbani, ukatoka mlangoni na kushuka ngazi zote mpaka chini. Wakasikia pazia la sebuleni likipiga. Waliojenga nyumba ile waliitilia njia ya upepo, na kwa mwaka mzima njia hiyo ilikuwa na kufuli. Ndiyo maana pangaboi zilikuwa hazizimwi.

Mlango haukufungwa tena. Lewis, fundi wa stima, alikuja akaiondoa hita na kuzifunga nyaya zake. Ruweida, ambaye sasa hakuweza kuacha kupeleleza, aliibana karatasi kwenye mfuniko wa friza akaivuta, ikatoka bila ya kukamatwa. Mpira wa mfuniko ulikuwa umechoka, baridi ikivuja. Akamwendea mumewe na habari hiyo mwenyewe. "Ulikuwa na haki nusu," akamwambia. Yeslam akamletea mpira mpya kutoka mjini, wakautia pamoja, yeye akishika na mkewe akisukuma.

Baada ya hapo Yeslam akawa na mazoea ya kupanda chumbani kwa mamake baada ya alasiri, akilala kidogo kwenye upepo. Alasiri moja Ruweida alikuwa akikamua ukwaju alipomsikia akimwita kutoka juu.

"Ruweida. Hebu njoo."

Alimkuta chooni, mkono chini ya bomba. "Hita haipo," Yeslam akasema polepole, "na maji ni moto."

Ruweida akautia mkono wake. Kweli, yalikuwa moto, ya kuogea mtu mzima mwenye viungo vibovu.

Wakatazamana. "Yatoka wapi?" Ruweida akauliza.

Yeslam alikuwa ameshatoka nje ya mlango, anapanda ngazi nyembamba za kwenda darini, juu ya paa, kwenye tangi jeusi la maji linalokaa juani kutwa. Ruweida akakung'uta mikono, akapandisha leso yake, akamfuata.