Petroli ya Kuwashia Tu

Simu kutoka hospitali ya mji mkuu, Sofia, iliita kabla kuku hawajashuka kwenye vijiti vyao. Nevyana aliipokea akiwa peku kwenye sakafu ya jikoni, na kabla mwanamke wa upande wa pili hajamaliza kujitambulisha, mkono wake mwingine ulikwishashika ukingo wa meza.

"Figo imepatikana," sauti ikasema. "Baba yako ndiye wa kwanza. Asile kitu, asinywe kitu, hata maji ya kulainisha ulimi. Mfike kabla ya saa nne. Ikipita hapo tunampigia anayefuata. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alipogeuka, baba yake, mzee Stamen, alikuwa amesimama mlangoni na shati la kulalia, uso wake umevimba kama kawaida ya asubuhi. Alikuwa amesikia. Miaka miwili alikuwa akienda mjini kusafishwa damu, mara tatu kila wiki, na miaka miwili simu ilikuwa ikikaa mezani usiku kama mgeni asiyesema kitu.

"Theluji imeanguka kiasi gani?" akauliza.

"Hadi magotini."

Gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa limekwama katika bonde la pili nyuma ya kijiji, likisubiri greda lisafishe njia. Jirani mwenye gari la kupanda milima alikuwa kwa mwanawe, mjini Plovdiv. Stamen akainama kuvaa buti zake, akipumua kwa shida.

"Basi imebaki ile balaa ya kaka yako," akasema.

Ile balaa ilikuwa chini ya banda, pua imegusa theluji. Ilikuwa gari nyekundu ya Kijerumani, ya chini, ya milango miwili, yenye nguvu za farasi mia tatu kifuani, na umri wake ulikuwa unakaribia wa Nevyana mwenyewe. Kalin aliinunua enzi za ujana wake wa kushindana na wenzake kwenye barabara ya bwawa. Alipokwenda Hispania kujenga nyumba za watu, alimtupia dada yake funguo na kumwambia, "Itembeze, isije ikafa kwa upweke." Nevyana akaitembeza kweli. Iliyozaliwa kukimbia ikawa inabeba viazi, chakula cha mbuzi, ndoo za mtindi, na mara tatu kwa wiki inambeba Stamen, ambaye viti vya mbio vilimbana kiunoni akalalamika kwamba anakalishwa ndani ya kiatu. Wanakijiji waliposikia ule mngurumo walipiga kelele kutoka madirishani, "Nevyana, harusi ya nani leo?"

Kwa kuwa farasi mia tatu wanakunywa, Kalin alikuwa ameifungia mtungi wa gesi kwenye buti la nyuma, pale palipokuwa na tairi la akiba. Kila mtu huko hufanya hivyo. Gari huwashwa kwa petroli, ikipata joto inahamia kwenye gesi yenyewe, na petroli inabaki tangini bila kazi. Geji ya petroli ilikuwa imekufa zamani, lakini Nevyana hakuwa na wasiwasi nayo. Siku ya Mtakatifu Nikola, mwanzoni mwa Desemba, aliweka robo tangi kwa mkono wake, ya dharura.

Gari iliwaka alipojaribu mara ya pili. Kila asubuhi Nevyana hufungua boneti na kutazama maji ya injini kwanza, maana kulikuwa na mpira mmoja wa maji unaodondosha kidogo kidogo, machozi tu, lakini machozi ya kila siku. Leo alishika kifungio cha boneti, na honi ikapigwa karibu na sikio lake.

"Unatafuta nini humo? Saa zinakwenda!" Stamen akafoka kutoka ndani.

Akaliacha boneti. Alipozunguka kwenda upande wa usukani, akamkuta mama Velika, jirani yao, amesimama kwenye theluji na viatu vya ndani, kichwani mtandio, mkononi mkate wa jibini uliofungwa kitambaa na chupa kubwa ya chai.

"Mama Velika, hapana. Amekatazwa hata maji."

"Basi utakunywa wewe."

"Sina muda wa kunywa chai!"

"Nani amekwambia unywe hapa? Tangu lini mtu wa nyumba hii akaanza safari mikono mitupu? Chai ya mlimani, na asali. Shika, usinitie mkosi." Akaisukuma chupa dirishani, mapajani mwa Stamen, akamshika yule mzee shavuni. "Urudi unakojoa kama kijana, wewe."

"Ondoka hapo, mwanamke, utaganda," Stamen akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Wakaanza kupanda. Kwenda Sofia lazima uvuke mlima, na barabara ya mlima ilikuwa imefunikwa na theluji, nyeupe juu, barafu ya kioo chini. Gari ya namna ile husukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma yake ni nyepesi, ndiyo maana tangu Novemba Nevyana alibeba magunia mawili ya viazi kwenye kiti cha nyuma. Bado mkia ulicheza. Kila kona ulitaka kutangulia mbele, na kila kona aliurudisha kwa usukani, taratibu, bila kugusa breki.

"Polepole," Stamen akasema. Alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

"Nikienda polepole haitapanda."

"Nimeendesha malori miaka thelathini, usinifundishe."

Nevyana akakata kona nyingine. Kulikuwa na jambo jingine. Vidole vya miguu vilikuwa vimeanza kumwuma kwa baridi. Akaweka mkono kwenye tundu la hewa. Dakika chache zilizopita lilitoa moto. Sasa lilipuliza baridi ya nje. Akaelewa papo hapo. Maji yamepungua. Maji yasipozunguka, chombo cha joto hakina moto. Na kile kidude kidogo pembeni ya injini, kinachopashwa na maji hayohayo ili gesi ipite, nacho hakina moto. Kitaganda.

"Fika juu," akaiambia gari kimoyomoyo. "Fika juu tu."

Zilibaki kona tatu. Injini ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena. Akabonyeza kitufe cha kurudi kwenye petroli. Taa ikabadilika rangi, injini ikanguruma mara moja kwa nguvu, kisha ikazima kabisa.

Akajaribu ufunguo. Ikazunguka bila kushika. Tena. Bure.

"Baba," akasema, macho mbele.

"Nini?"

"Kuna robo tangi humu. Niliweka mwenyewe."

Stamen alikuwa anatazama miti upande wake kama mtu anayehesabu misonobari.

"Baba, petroli iko wapi?"

"Nilikuachia ya kuwashia."

"Umefanya nini?"

"Msumeno wa mashine ulikuwa mkavu. Kuni zimekwisha, na gari yenyewe inakula gesi, petroli imekaa tu inanuka. Nikanyonya kidogo kwa mpira. Kila mtu ananyonya! Nilikuachia ya..."

Hakumaliza. Gari ilikuwa inarudi nyuma. Breki ya mkono ilikuwa imeshika magurudumu, lakini magurudumu hayakuwa na cha kushika. Yalikuwa yanateleza kwenye kioo, polepole, kuelekea kwenye ukingo ambako chini yake palionekana vichwa vya misonobari tu. Nevyana akakata usukani ili mkia uelekee ukuta wa mlima. Gari haikuwa na haraka ya kumtii. Mlango wa pili ukafunguka.

"Kaa ndani!" akapiga kelele.

Mzee hakukaa. Alikunja kiti, akavuta gunia la viazi kwa mikono yake yenye makovu ya sindano, akaliangusha nyuma ya gurudumu, kisha yeye mwenyewe akaanguka kando yake. Gari ikapanda gunia nusu, viazi vikapasuka ndani kwa ndani, ikasimama.

Nevyana akashuka, akamwinua baba yake, akamkung'uta theluji kifuani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Umejinyima figo kwa ajili ya kuni," akasema.

"Moto wa hizo kuni ulikuwa unauota wewe pia."

"Ningevaa makoti mawili!"

"Na mimi ningejuaje watapiga simu leo? Miaka miwili hawapigi, wanakuja kupiga siku ambayo nimekata kuni!" Akarudi ndani ya kiti, miguu nje, mdogo ghafla ndani ya koti lake kubwa.

Simu haikuwa na mtandao. Nevyana akafungua buti kuchukua dumu la maji analobeba daima. Lilikuwa jiwe, akaligonga kwenye bampa, likalia kama kengele. Akafungua boneti. Kile kidude kilikuwa kimevaa theluji nyeupe, laini kama manyoya ya sungura. Kilichohitajika ni birika la maji ya moto. Kila dereva wa gesi wa milima ile amewahi kukimwagia birika asubuhi, nyumbani kwake, karibu na jiko.

Akanusa kitu. Asali.

Akageuka. Stamen alikuwa amefungua chupa ya mama Velika. Mvuke ulimpanda usoni, na alikuwa ameweka pua juu ya mdomo wa chupa, macho amefumba. Kwa miaka miwili alikuwa anapimiwa maji kwa kikombe kidogo. Usiku Nevyana alimsikia akinyonya vipande vya barafu gizani kama mtoto anayeiba sukari.

"Baba. Usinywe."

"Hatufiki, mwanangu."

"Nipe hiyo chupa."

"Hatufiki. Greda litapita mchana. Watampa mwingine, na yeye ana haki yake, naye ana kiu. Basi niache ninywe kikombe kimoja. Kimoja kizima, cha moto, kama mtu."

Nevyana alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, lakini hakumrukia. Alijua akimrukia itamwagika. Akapiga magoti kwenye theluji mbele yake, akatandaza viganja.

"Ile gesi imeganda," akasema taratibu. "Haijaisha, imeganda tu. Hiyo chai ikimwagiwa pale, itapita. Iliyobaki nitaweka kwenye maji ya injini. Ukinywa kikombe kimoja, huenda ndicho kitakachopungua. Na hata ikiwaka, pale mlangoni watakuuliza umekunywa nini."

Mzee hakusogea. Mvuke ulikuwa unapungua, Nevyana aliuona kabisa ukipungua, na kila uzi wake ulimwuma.

"Una uhakika itawaka?"

Angeweza kudanganya. "Sina."

Stamen akafungua macho. Akaivuta harufu mara ya mwisho, ndefu, hadi kifua kikagoma, kisha akaiweka chupa viganjani mwake kama anayekabidhi mtoto mchanga.

"Basi mnyweshe huyo shetani," akasema.

Nevyana aliimwaga kidogo kidogo, kwa mkondo mwembamba. Theluji ya kile kidude ikalia, ikatoboka, ikatelemka. Kisha akakunja kitambaa cha mkate juu ya kifuniko cha maji ya injini, akakilegeza kidogo, uso ameuweka pembeni. Mvuke ukafoka, ukamlamba kifundo cha mkono. Akauma mdomo, hakuachia. Ulipotulia akamimina chai yote iliyobaki, pamoja na majani yake mawili matatu.

Akajaribu kuwasha kwa gesi. Ikazunguka, ikakataa. Betri ilianza kuchoka. Akasubiri, akitazama saa na kutoitazama. Akajaribu tena. Ikazunguka polepole zaidi, ikasita, kisha silinda moja ikashika, ya pili, na zote sita zikaitika kwa ule mngurumo wa harusi, theluji ikadondoka kutoka kwenye misonobari ya karibu.

Zile kona tatu hazikuwa na njia ya upole. Kwa mwendo wa polepole injini ingezubaa, ingezima, na chai ilikwisha. Nevyana akaweka gia ya pili. Gunia lililopasuka likatupwa nyuma, mkia ukaenda kulia, ukaenda kushoto, ukingo ukapita dirishani kwa Stamen, ukarudi. Akangoja kusikia "polepole."

"Kanyaga," mzee akasema. "Kanyaga, mwanangu, kanyaga!"

Akakanyaga. Farasi wote waliokaa miaka wakivuta viazi wakaamka pamoja, na gari ikapanda kona ya mwisho kwa ubavu, kama kaa, ikatokea juu kwenye jua. Mteremko ulianza pale. Tundu la hewa likatoa pumzi ya uvuguvugu, kisha ya moto. Kwenye kituo cha kwanza cha mafuta bondeni Nevyana alijaza maji, akajaza gesi, akajaza na petroli hadi ikabubujika mdomoni mwa tangi. Stamen alimtazama kwenye kioo cha pembeni.

Baada ya hapo barabara kuu ilikuwa imesafishwa, na kwa mara ya kwanza tangu Kalin aondoke, ile gari ilipewa ilichozaliwa nacho. Sindano ya mwendo ililala upande wa kulia hadi majengo ya Sofia yakaonekana. Waliegesha mbele ya hospitali, mahali pasiporuhusiwa. Saa ya ukutani kwenye mapokezi ilikuwa na dakika sita za kuwapa.

Muuguzi alikuja na kiti cha magurudumu, akamtazama mzee usoni, akamtazama Nevyana: kifundo chekundu, magoti yaliyolowa, nywele zina majani ya chai.

"Amekula kitu? Amekunywa kitu?"

"Hata tone," Nevyana akasema.

"Mbona ananukia asali?"

"Nilikuwa namnywesha mwingine," Stamen akajibu, na akaanza kucheka kwa kikohozi chake kibovu, hadi muuguzi akaanza kumsukuma kabla hajamaliza. Mlangoni akageuza kichwa. "Nevyana! Ule msumeno, mpe Velika."

"Velika atafanya nini na msumeno?"

"Atajua mwenyewe!"

Milango ikafungana. Nevyana alisimama pale mpaka mtu akamwomba kwa adabu aondoe gari yake, imeziba njia. Akatoka. Ilikuwa imekaa kwenye baridi, chafu hadi madirishani, tairi moja limepakwa viazi. Kutoka chini ya boneti ilikuwa bado inafuka harufu ya asali iliyoungua.