Mwinga Ngala Wawili

Babu yangu wa Samburu, kijiji cha huku kwetu pwani, haniiti kwa jina. Huniita somo, kwa kuwa kwetu mjukuu hurithi jina la babu: yeye ni Mwinga mwana wa Ngala, baba yangu ni Ngala, nami ni Mwinga Ngala.

Mwaka jana madaktari wa macho walikuja Msambweni kwa siku tatu, kutoa mtoto wa jicho bure. Mimi, fundi wa kompyuta hapa Ukunda, nikapewa kazi ya kuwaita wagonjwa arobaini kwa ujumbe wa simu. Babu alikuwa mmoja wao, macho yake yote mawili yamefunga utando. Nami kwa kujitia hodari nikaandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta, inayoandika vijiprogramu vingine, kimoja kwa kila mgonjwa, kila kimoja kikiitwa kwa jina la mwenyewe. Mwisho wa orodha nikajitia mimi, kwa majaribio. Ujumbe uliponifikia nilijipigia makofi.

Madaktari walipokwisha kuondoka, Mzee Dzombo, jirani yake babu, akanipigia simu. "Ahsante mwanangu, sasa namwona hadi kupe kwenye sikio la mbuzi! Lakini mbona babu yako hakuitwa?"

Nikawaka. Nikampigia babu. "Uliizima simu, babu! Si nilikwambia usiibonyezebonyeze?"

"Niwie radhi, somo," akasema. "Huenda niliibonyeza."

Ila roho haikutulia. Vile vijiprogramu havikuwa kwenye faili lolote, vilizaliwa ndani ya kompyuta vikafa humo humo. Nikaiamuru programu ivichapishe kwenye karatasi, nikavihesabu kwa kalamu. Majina arobaini na moja, vijiprogramu arobaini. Cha Mwinga Ngala kilikuwa kimoja tu, chenye namba yangu. Kompyuta ilipofika kwangu ilikuta jina hilo lipo, ikafuta cha babu ikaweka changu. Mjinga mimi! Nyani haoni kundule.

Kesho yake nikaenda Samburu. Nilimkuta mlangoni akipapasa kamba ya mbuzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, somo."

Nikamweleza yote, uso umenishuka kwa haya.

"Kwa hiyo simu sikuizima?"

"Hukuizima, babu."

"Nami nimekwisha kuwaambia watu wote kuwa niliizima. Walitaka kukulaumu wewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Akanyoosha mkono kunishika bega, akalikosa. Nikamsogezea.