Kilomita Mia Zilizobaki

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Godfrey alimpigia dada yake simu kutoka hotelini Gitega.

"Dada Imelda, toka Montreal hadi Bujumbura ni kilomita elfu kumi na moja! Saa ishirini safarini! Nimechoka. Mlete mama huku."

Imelda alikuwa Gasorwe, jembe mkononi, na damu ilimchemka.

"Elfu zote hizo umezimaliza, imebaki mia tu, halafu hiyo mia aimalize mama wa miaka themanini? Una akili kweli wewe?"

Akakata simu. Alipogeuka amsimulie mama upuuzi huo, alimkuta mlangoni, kitenge kipya kiunoni, viatu vya kanisani miguuni.

"Twende," mama alisema. "Mtoto katoka mbali."